Sikuzani na Swali la Kwala

Mwinjuma Pazi alipigwa risasi akiwa anataja sheria. Alikuwa amesimama mbele ya jumbe, mkono mmoja ameuinua kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema, na alichotaka kusema kilikuwa bado hakijaisha. Mkewe, Sikuzani, alikuwa nyuma yake kidogo, na mpaka uzeeni aliweza kukuambia neno la mwisho lililomtoka mumewe. Lilikuwa "isipokuwa".

Hayo yalitokea mwaka 1943, katika kitongoji kimoja nyuma ya Kwala, upande wa reli. Mwinjuma alikuwa kibarua wa reli, mtu wa koleo na mtalimbo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ukarani. Boma la Kisarawe lilikuwa na mtihani wa kutafuta makarani, na miongoni mwa karatasi zake moja iliitwa Mambo ya Nchi. Humo waliuliza juu ya amri mpya, vita, kilimo, mabaraza, nani ana mamlaka gani na kwa sababu gani. Hesabu Mwinjuma aliiweza. Mwandiko wake ulisifiwa. Mambo ya Nchi ndiyo yaliyomwangusha.

Sikuzani alikuwa binti wa mwalimu wa chuo kule Chole ya Kisarawe. Kurani aliihitimu akiwa mdogo, na herufi za Kizungu alifundishwa na mumewe mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Basi ikawa desturi ya nyumba ile: Mwinjuma akirudi kazini na gazeti la serikali, mke anasoma kwanza, kisha anamuuliza mume maswali huku chakula kikiwa jikoni.

"Kwa nini serikali inataka mpira mwingi mwaka huu?"

"Kwa sababu Wajapani wameiteka Malaya, na mpira ulikuwa unatoka huko."

"Nani anaweza kupelekwa mashambani bila hiari yake?"

"Mwanamume mzima mwenye nguvu. Hachukuliwi mgonjwa."

"Sema kama ilivyoandikwa, Mwinjuma. Wale hawatakupa alama kwa maneno yako."

Amri ile ya kazi za vita ilipofika Kwala, haikufika kama ilivyokuwa gazetini. Jumbe Mwinyimadi aliambiwa atoe wanaume wa kwenda mashamba ya mkonge, naye akawatoa wale aliokuwa na visa nao. Mmoja alikuwa amekataa kumpa jumbe binti yake. Mwingine, Salehe, jirani wa Mwinjuma, aliwahi kumshinda jumbe katika kesi ya mpaka wa shamba. Salehe alikuwa mgonjwa wa kifua, anakohoa damu, na kila mtu kitongojini alijua.

Tarishi alikuja asubuhi na askari walioletwa kutoka mbali, vijana ambao hawakumjua mtu yeyote pale. Wanaume walitolewa majumbani wakafungwa kamba za mkonge, mikono nyuma, mmoja baada ya mwingine kama mbuzi wa mnadani. Salehe hakufika mbali. Alianguka uwanjani, na alipoanguka akamvuta aliyekuwa mbele yake, huyo naye akaanguka. Tarishi akaja akampiga Salehe teke la mbavu. Akampiga la pili. Damu ikamtoka Salehe mdomoni ikachanganyika na vumbi.

Watu walikuwa wanatoka mashambani kuja kutazama, na mtu akitoka shambani huwa na panga mkononi. Wale askari vijana waliona mapanga tu.

Mwinjuma akapita mbele. Hakuwa na panga. Alikuwa na fulana yake ya reli na mkono mmoja juu.

"Jumbe, samahani," alisema. "Amri hii imetangazwa gazetini, nimeisoma. Inasema anachukuliwa kila mwanamume mzima, isipokuwa..."

Risasi iliingia chini ya kwapa, kwa sababu mkono ulikuwa umeinuka. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama, halafu akalala ubavu.

Halafu Matano, mdogo wake Mwinjuma, akapiga ukelele ambao Sikuzani alisema haukufanana na sauti ya mtu, akalirukia kundi la askari na panga. Alimkata tarishi begani mpaka mfupa ukaonekana. Askari wakafyatua tena, ovyo. Salehe alikufa palepale alipolala, bado kafungwa kamba. Mzee mmoja alipigwa risasi akiwa amekaa mlangoni kwake, hajui hata ugomvi ni wa nini. Matano walimwangusha kwa vitako vya bunduki, wakampiga mpaka uso wake haukutambulika, na walipochoka mikono wakaendelea kwa miguu. Sikuzani alikuwa amelala juu ya maiti ya mumewe. Walimvuta kwa nywele kumtoa. Alishika fulana ya Mwinjuma, ikachanika, na kipande kikabaki mkononi mwake.

Kabla ya jua kuzama, nyumba za wale wanaume waliokimbilia msituni zilikuwa zimechomwa moto. Maiti zilitolewa kwa ndugu jioni. Waliomuosha Mwinjuma walisema alikuwa amefumba mkono mmoja na haukukubali kukunjuka, wakamzika nao hivyohivyo.

Matano alihukumiwa viboko na kifungo cha miaka mitatu. Tarishi alipona. Jumbe Mwinyimadi alibaki jumbe.

Sikuzani alikuwa bado edani gazeti lilipoletwa. Aliyelileta alidhani anamfanyia hisani. Katika ukurasa wa ndani kulikuwa na habari yenye kichwa Machafuko ya Kwala. Ilisema watu wachache wavivu, wasiopenda kusaidia nchi wakati wa vita, walichochewa na mkorofi mmoja anayejifanya msomi, wakawashambulia wajumbe wa serikali kwa mapanga. Askari walilazimika kujilinda. Utulivu umerudi.

Aliisoma mpaka chini. Kisha akatoka nyuma ya nyumba, akachukua shoka, akakata mgomba. Akakata wa pili. Mama mkwe alimwita, hakuitika. Alikata mpaka migomba yote ya uani ikalala chini, yenye mikungu na isiyo na mikungu, utomvu umemjaa mikononi na usoni, na alipomaliza akaliketia moja la yale magogo, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Eda ilipokwisha hakukaa tena Kwala. Watu wa jumbe walikuwa wakipita mbele ya nyumba na kumwita "mke wa msomi", wakicheka. Alihamia Mlandizi, akapanga chumba chenye baraza kando ya barabara ya Morogoro, akawa anauza chai, mihogo ya kuchemsha na kambale wa Ruvu.

Ualimu ulimjia bila kuutafuta. Vijana wawili walikaa barazani kwake kusubiri lori la kwenda mjini, mmoja ameshika gazeti la serikali. Sikuzani alikuwa anamenya mihogo, na kabla hajajua anafanya nini akasikia sauti yake mwenyewe inauliza, "Kwa nini serikali inataka watu walime mihogo hata penye mpunga?"

Kijana akageuka. "Nini, bibi?"

"Jibu. Karatasi ya Mambo ya Nchi haitakungoja."

Walijibu vibaya. Akawauliza lingine. Lori lilipofika hawakupanda.

Habari zikasambaa kutoka Mlandizi mpaka Kibaha na Kisarawe kwamba yupo mjane barabarani anayekufanya ulale na amri za serikali kichwani. Vijana wa kutafuta ukarani wakaanza kuja. Alikuwa mkali. Mtu akisema maoni yake, alimkatiza. "Hujaulizwa unaonaje. Umeulizwa serikali inasemaje."

Aliyemuuliza kwa nini anafanya kazi ile alipata jibu moja. Siku ile Kwala, alisema, hapakuwa na hata mmoja kati ya waliokuja na kamba aliyemjua Salehe. Laiti karani wa jumbe angekuwa mtoto wa palepale, angeandika: huyu mgonjwa, mwacheni. Yeye alitaka meza zile za makarani zikaliwe na watu wanaotujua. Na mezani huingii mpaka uwe umefaulu.

Kitwana alikuwa mtoto wa mkulima wa Kisarawe, kijana mrefu mwenye aibu, aliyesoma mpaka darasa la sita. Alijaribu mtihani mwaka 1946 akaanguka. Alipokuja tena Mlandizi mwaka uliofuata, alikaa barazani muda mrefu bila kugusa chai yake.

"Bi Sikuzani, shikamoo."

"Marahaba. Umeshaniamkia ulipofika. Una nini?"

"Lipo swali lililoniangusha mwaka jana. Sikuliandikia kitu. Na wanasema mwaka huu litarudi, kwa sababu bwana shauri wa boma analipenda."

"Lipi?"

Kitwana alitazama chini. "Eleza sababu za Machafuko ya Kwala, na serikali ilifanya nini kurudisha utulivu."

Sikuzani aliendelea kumenya muhogo. Ganda lilitoka refu, likaanguka.

"Nikaona nisikuulize," Kitwana akasema. "Nikaona niliache tu. Wewe ni mtu wa..."

"Mtihani hauulizi mimi nimefiwa na nani." Aliingia ndani, akatoka na gazeti lile, limekuwa la njano na limekatika mikunjo. Lilikuwa chini ya godoro lake miaka yote ile. "Soma. Ukimaliza, lifunike, unisomee kwa kichwa."

"Bi Sikuzani..."

"Soma!"

Kitwana akasoma. Mara ya kwanza aliishia katikati. Sikuzani akamrudisha mwanzo. Mara ya pili akaruka mstari, akamrudisha tena. Aliposema "watu wachache wavivu", mwanamke alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama anavyofanya mtu anayesikiliza hesabu ya jedwali. Kisu kilikuwa kimemkata kidole, damu inadondokea kwenye mihogo myeupe, na hakujua.

Wala hakujua kwamba Matano amerudi kutoka kukata kuni.

Matano alikuwa ametoka kifungoni mwaka uliotangulia, akaja kuishi kwa shemeji yake kwa kuwa hakuwa na pengine. Jicho moja halikuona tena. Mgongo ulikuwa na makovu yaliyovimba kama kamba zilizoshonewa chini ya ngozi. Alikata kuni akauza, alisema maneno machache, na vijana wa mtihani hakuwajali. Siku hiyo alikuja na mzigo wa kuni kichwani kupitia uani, akasikia sauti ya kijana, yenye uhakika sasa, imekwishakaa sawa:

"Walichochewa na mkorofi mmoja anayejifanya msomi..."

Mzigo ulianguka. Matano alitokea pembeni mwa nyumba na gogo moja mkononi, akampiga Kitwana mdomoni kabla kijana hajainua kichwa. Jino lilitoka. Pigo la pili lilimpata sikioni, akaporomoka kutoka barazani mpaka barabarani, na Matano akamfuata, akamkalia kifuani, akamshika koo kwa mkono wa kushoto.

"Nani mkorofi? Sema tena! Mkorofi nani?"

Kitwana hakuweza kusema chochote. Macho yalikuwa yanamtoka. Wanaume wawili waliokuwa wanakunywa chai walijaribu kumvuta Matano, mmoja akapigwa gogo la goti, mwingine akarudi nyuma. Matano aliinua gogo kwa mkono wake wa kulia, juu kabisa, safari hii akilenga paji la uso.

Sikuzani alijitupa katikati. Mkono wake uliinuka kumkinga yule kijana, na gogo likatua hapo. Watu waliokuwapo walisikia mfupa ukivunjika. Hakupiga kelele. Aliinama juu ya Kitwana, uso kwa uso na shemeji yake.

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme," alisema. "Nipige mimi."

Matano alimtazama kwa lile jicho moja. Gogo lilikuwa bado juu. "Wewe? Maneno hayo? Juu ya Mwinjuma?"

"Ndiyo. Mimi."

"Kwa nini?"

"Afaulu."

Matano alitupa gogo barabarani. Halafu akaanza kujipiga mwenyewe kichwani kwa ngumi, moja baada ya nyingine, akilia kama mtoto, mpaka wale wanaume wakapata nguvu ya kumshika.

Palikuwa na mtu aliyetaka kwenda kumwita askari. Kitwana, damu imejaa kifuani, akatikisa kichwa. Hakuweza kusema vizuri kwa siku kadhaa, lakini hilo alilisema lieleweke: hakuna askari.

Mkono wa Sikuzani ulifungwa mabanzi na mganga wa mifupa wa ng'ambo ya Ruvu. Haukuunga sawa. Kiwiko kilibaki kimepinda, na tangu hapo sufuria kubwa hakuweza kuiteleka peke yake.

Kitwana alikwenda kufanya mtihani Kisarawe uso umevimba na pengo mdomoni. Msimamizi alimuuliza kama amepigana pombeni. Akasema ameanguka kwenye mnazi. Majibu yalipotoka, jina lake lilikuwamo. Alikuja Mlandizi kwa miguu kumwambia mwalimu wake, akamkuta barazani na mkono kifuani, umefungwa kwa kipande cha kanga.

"Nimepita, Bi Sikuzani."

"Alhamdulillahi. Lilirudi?"

"Lilirudi. La kwanza kabisa."

"Uliandika kama nilivyokufundisha? Wachache, wavivu, yote?"

Kitwana akakohoa. "Yalikuwa maswali sita. Wanasema chagua manne."

Sikuzani akasubiri.

"Niliandika neno 'watu'. Nikaona ulimi unaingia kwenye pengo. Nikakata. Nikajibu la pamba."

"La pamba."

"Namna ya kuzuia wadudu. Nilipata alama nzuri."

Sikuzani alimtazama kijana yule, akautazama mkono wake, akamtazama tena. "Mkono wangu umevunjika," alisema polepole, "kwa swali ambalo hukulijibu?"

Kitwana alifungua mdomo kuomba radhi, lakini Sikuzani alikuwa ameshaanza kucheka. Alicheka mpaka akaushika ule mkono kwa maumivu, machozi yanamtiririka, na Kitwana naye akacheka na pengo lake, wapita njia wakadhani pana harusi. Halafu kicheko kikakatika ghafla kwa Sikuzani, uso ukabadilika, akamwambia aende nyumbani kwa mama yake. Kitwana alipokuwa anaondoka alimsikia mwanamke yule akipiga ukuta kwa kiganja, tena na tena, kiganja cha mkono mzima.

Yale aliyoyatumaini Sikuzani hayakutokea. Kitwana hakuketi kwenye meza ya jumbe yeyote wa Kwala. Walimpeleka Newala, kusini kabisa, akawaandikie watu asiowajua, na karani wa Newala wakamleta Kisarawe. Ndivyo serikali ilivyopenda. Sikuzani alipoelezwa hivyo alikusanya vikombe akaingia ndani. Vijana waliokuja kesho yake walikuta mlango umefungwa, wakarudi. Waliokuja wiki iliyofuata waliukuta wazi, na gazeti jipya limekunjuliwa juu ya meza. Hakueleza kwa nini. Labda alikuwa ameshazoea kuuliza.

Jumbe Mwinyimadi alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, kitandani mwake, miaka michache kabla ya nchi kuanza kuzungumza mambo ya uhuru. Watu wengi wa Kwala hawakwenda kuzika. Sikuzani alikwenda. Alikaa na wanawake, akala wali wa matanga, akarudi Mlandizi. Alipoulizwa kilichompeleka alisema, "Nilitaka kuona kanga wanamfunika ya rangi gani," na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Kuhusu Matano, hakuwahi kuomba radhi kwa maneno. Aliteleka sufuria kubwa kila alfajiri na kuiepua, na mtu mwingine akitaka kusaidia alimsukuma. Lakini alikuwa na jambo lake jingine. Kila mtihani ulipokwisha na vijana wakarudi kutoka Kisarawe, alikuwa anawangoja mwanzoni mwa barabara, nao walimwogopa, kwa kuwa hadithi yake waliijua.

"Waliuliza nini?" alikuwa akisema.

Mwaka uliofuata waliuliza kuhusu mradi mkubwa wa karanga. Mwaka mwingine, karanga tena. Kisha wakauliza mabaraza mapya, na hospitali, na kuhamisha watu waondokane na mbung'o.

"Kwala hawakuuliza?"

"Hapana, kaka Matano. Kwala hawaulizi siku hizi."

Mara ya kwanza aliposikia hivyo alimkamata kijana kwa ukosi wa shati, akamsukuma kwenye ukuta wa duka la Mhindi, akakunja ngumi. Watu wakakimbilia. Ngumi ilibaki hewani. Matano aligeuka akarudi nyumbani, akamkuta shemeji yake anapanga vikombe.

"Wamelifuta," alisema. "Lile swali. Hawaulizi tena."

Sikuzani aliweka kikombe chini. Akasogea kwenye benchi, akampisha akae.

"Basi keti," alisema. "Tuulizane wenyewe. Alisimama wapi?"

"Mbele ya jumbe."

"Na mkono?"

"Juu," alisema Matano.

Wateja waliokuja chai jioni ile waliwakuta hivyo, mwanamke anauliza, mwanamume anajibu, na wakaenda kunywa chai kwingine.